Hasira Ile Ile, Njia Mbili: Machozi ya N'Sele na Somo la Miaka ya 1990

Tarehe 24 Aprili 1990, huko N'Sele, nje kidogo ya Kinshasa, Marshali Mobutu alisimama mbele ya wakubwa wa chama na wa serikali akatangaza kwamba utawala wa chama kimoja umekwisha. Alipofika mahali pa kusema kwamba yeye mwenyewe anaacha uongozi wa MPR, sauti ilimkatika. Akafuta machozi. Akawaomba waliomsikiliza wafahamu uchungu wake. Maneno yake ya Kifaransa, « comprenez mon émotion », yaliingia katika vinywa vya watu, na mpaka leo hata vijana waliozaliwa baadaye wanayarudia kwa mzaha mtu anaposhindwa kujieleza.

Tunacheka, lakini ndani ya maneno yale kuna swali zito. Raisi aliomba taifa lifahamu hisia zake. Kwa karibu miaka 25 ya utawala wake, nani aliwahi kuuliza hisia za taifa?

Mara nyingi tunaambiwa kwamba siasa ni kazi ya akili tu, na kwamba raia mwema huacha hasira, woga na uchungu wake nyumbani kabla ya kwenda kupiga kura. Historia yetu haisemi hivyo. Kati ya 1990 na 1993, katika nchi iliyoitwa Zaire, hasira ilivunja maduka, na hasira hiyo hiyo ikafungua mkutano wa taifa uliokuwa umefungwa. Woga uliwaweka watu pamoja mbele ya bunduki, na woga mwingine ukawafukuza majirani katika nyumba zao. Tusiulize kama watu walikuwa na hisia. Tuulize zilipitishwa njia gani, na nani aliyezionyesha njia.

Furaha ya lazima

Utawala wa Mobutu ulijua nguvu ya hisia, na ulianza na woga. Tarehe 2 Juni 1966, miezi michache baada ya kuchukua madaraka, wanasiasa 4 walinyongwa hadharani katika mji mkuu mbele ya umati mkubwa. Mmoja wao, Évariste Kimba, aliwahi kuwa waziri mkuu. Kesi yao ilikuwa fupi sana. Watu walirudi nyumbani wakiwa wamejifunza jambo moja: kunyamaza.

Baada ya woga ikaja furaha, nayo ilikuwa ya lazima. Chama cha MPR kiliundwa mwaka wa 1967, na baadaye kila Mzaire akahesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Wafanyakazi, wanafunzi na akina mama walipangwa katika vikundi vya kucheza na kuimba sifa za Raisi. Kwenye televisheni, kabla ya habari, sura yake ilionekana ikishuka kutoka mawinguni. Aliyekataa kucheza alionekana adui, na aliyecheza bila kutabasamu alitiliwa mashaka.

Kwa hiyo mtu alitembea na mioyo miwili: mmoja wa kupiga makofi uwanjani, mwingine wa kunong'ona nyumbani mlango ukiwa umefungwa. Katika hali hiyo kuna wakaaji, kuna walipa kodi, kuna wachezaji; raia hayupo. Uraia unaanza pale mtu anapoweza kusema mbele ya wenzake: jambo hili linaniumiza, na ninataka nipewe hesabu yake.

Ukimya unapasuka

Mwishoni mwa 1989 rafiki yake Mobutu, Nicolae Ceaușescu wa Romania, aliangushwa na kuuawa, na picha zake zikazunguka dunia nzima. Januari 1990 Mobutu akatangaza kwamba ataomba maoni ya wananchi. Labda alitarajia shukrani. Yalimjia maandishi kwa maelfu: ya wafanyakazi wa serikali, ya walimu, ya maaskofu wa Kanisa Katoliki. Watu waliandika juu ya mishahara isiyotosha hata juma moja, juu ya hospitali zisizo na dawa, juu ya chama kilichokula nchi. Kilichokuwa cha kunong'ona kikawa cha kuandikwa na kutiwa sahihi. Hapo ndipo machozi ya N'Sele yalipotoka.

Lakini mlango ulifunguka nusu tu. Tarehe 3 Mei 1990 Mobutu alisema tena, safari hii kwa kurudisha nyuma mengi aliyoahidi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Ubeleji ulisimamisha msaada wake. Wananchi wakafahamu kwamba machozi ya mkubwa si ahadi.

Septemba 1991: hasira bila njia

Baada ya madai mengi, Konferensi Kuu ya Taifa, CNS, ilifunguliwa Kinshasa tarehe 7 Agosti 1991, ikiwa na wajumbe zaidi ya 2,800. Juma baada ya juma ilikwama katika ugomvi: nani ni mjumbe halali, nani atakalia kiti. Wakati huo bei zilipanda na mishahara haikufuata.

Tarehe 23 Septemba askari wa miavuli waliokuwa kambini Ndjili walitoka kwa sababu ya malipo yao. Walianza kuvunja na kubeba, na watu wa mitaa wakawafuata. Ndiyo pilaji ya kwanza. Maduka, depo na viwanda vilikombwa. Palipokwisha bidhaa, watu waling'oa milango, mabati na nyaya. Miji mingine ikafuata. Ufaransa na Ubeleji zikatuma askari kuwaondoa wageni.

Wahenga walisema hasira hasara, na aliyeona miji yetu baada ya siku zile hawezi kubisha. Mfanyakazi aliyebeba gunia la unga Jumatatu alijikuta bila kazi mwisho wa mwezi, kwa sababu kiwanda chake kilikuwa kimebaki kuta. Wenye mali wengi walikwenda na hawakurudi. Methali hiyo, hata hivyo, inasema nusu ya jambo. Hasira ya askari asiyelipwa na ya baba asiyeweza kununua dawa ilikuwa na haki. Kasoro yake ilikuwa kwamba ilianguka juu ya kilichokuwa karibu, wala si juu ya kilichoileta. Duka la jirani lilivunjwa, na hesabu ya nchi haikuguswa. Mobutu alibaki mahali pake, akaendelea kuteua mawaziri wakuu.

Februari 1992: hasira iliyofundishwa kutembea

Mwezi wa Desemba 1991 Askofu Mkuu wa Kisangani, Laurent Monsengwo Pasinya, alichaguliwa kuongoza Konferensi, na kazi ikaanza kupata mwendo. Tarehe 19 Januari 1992 waziri mkuu, Nguz a Karl-i-Bond, akaisimamisha.

Katika mji huo huo uliotoka kwenye pilaji, wengi waliogopa kwamba hasira ingerudi kuvunja. Safari hii mambo yalikwenda tofauti. Kundi la walei wa Kikatoliki, Kamati ya Walei ya Uratibu, pamoja na mapadri kadhaa, walianza kuandaa matembezi. Habari ilipita katika parokia na katika jumuiya ndogo za kikristo, mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kukaa pamoja, kusoma, kutoa mawazo na kuchangia matanga. Waliambiana kwamba hakuna kubeba jiwe wala kujibu tusi, na kwamba askari wakija watu wapige magoti au wakae chini. Dai lilikuwa moja, na mtu asiyejua kusoma aliweza kulishika: Konferensi ifunguliwe.

Jumapili tarehe 16 Februari 1992, baada ya misa, watu walitoka makanisani ingawa serikali ilikuwa imekataza. Walitoka kwa wingi sana, wakiwa na rozari, Biblia na matawi mikononi, wakiimba. Waprotestanti na watu wa dini nyingine waliungana nao. Askari waliwapiga risasi. Hesabu ya waliokufa ilitofautiana, ya serikali na ya waandaaji, lakini yalikuwa makumi ya watu.

Usidhani watu wale hawakuwa na woga. Waliwajua askari wao vizuri. Wala usidhani hawakuwa na hasira. Wengi wao ndio wale wale waliokuwa na njaa Septemba. Tofauti ilikuwa kwamba hasira yao ilikuwa imepewa dai na siku, na kila mtu alikuwa na jirani wa kutembea naye. Woga wa mtu mmoja humfungia nyumbani. Watu elfu wakiukiri pamoja, wakaamua kutembea hata hivyo, woga ule unageuka ushujaa.

Tarehe 6 Aprili 1992 Konferensi ilifunguliwa tena, na mwezi huo huo ikajitangaza kuwa na mamlaka kamili. Shinikizo la nchi za nje lilisaidia, lakini bila damu ya Februari lisingetosha. Vikao vilisikika redioni na kuonekana kwenye televisheni. Watu walikaa barabarani wakizunguka redio moja, wakasikia mambo ambayo kwa miaka 25 yalikuwa ya kunong'ona: nani aliuawa, nani aliiba. Katikati ya Agosti wajumbe walimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu.

Neno « bilulu »

Siku hiyo hiyo ya furaha Kinshasa ilifungua ukurasa mchungu Lubumbashi.

Ili kufahamu, turudi nyuma kidogo. Tangu miaka ya 1920, Union Minière ilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai kwa ajili ya migodi ya shaba. Waliletwa na familia zao, watoto wakazaliwa kambini, wakasema Kiswahili, wakajenga. Wabeleji walipoandaa uchaguzi wa kwanza wa manispaa mwaka wa 1957 huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, waliopata ubugumestri walikuwa hasa watu waliotoka nje ya jimbo. Wenyeji waliona wamekuwa wageni kwao, na mwaka uliofuata chama cha Conakat kikazaliwa kutokana na woga huo. Woga wa kumezwa haukuwa wa kubuni. Lakini woga hufanana na moto wa jikoni: unategemea mikono ya anayeushika.

Kufikia 1992 Gécamines, iliyochukua nafasi ya Union Minière, ilikuwa inaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka wa 1993 haikufika 50,000. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka wa 1990, mashine zilikuwa za zamani, na pesa zilikuwa zimeliwa Kinshasa kwa miaka mingi. Njaa ilikuwa ya kweli, na ingeweza kuuliza: shaba yetu ilikwenda wapi?

Wakubwa wa jimbo, gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza akiwa mbele, waliwapa watu jibu lingine: Wakasai ndio wanaowala. Tshisekedi, mtu wa Kasai, alipochukua nafasi ya Nguz, mtu wa Katanga, washangilizi wa upande mmoja walionekana na upande mwingine kuwa wadhihaki. Vijana wa chama cha UFERI walipewa kazi ya kuwaondoa « wageni ». Na neno likapatikana: bilulu, yaani wadudu.

Tukumbuke lililotangulia neno hilo. Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme wa Ubeleji, Patrice Lumumba alitaja matusi na kipigo alichovumilia mtu mweusi asubuhi, mchana na jioni, na dharau ya kuitwa kama mtoto mdogo. Katika miaka ile Mzungu alithubutu kumwita Mkongo nyani. Hotuba ya Lumumba iliwagusa watu kwa sababu ilitaja mbele ya dunia aibu ambayo kila mtu aliibeba peke yake. Miaka 32 baadaye, watoto wa watu walioitwa nyani waliwaita majirani wao wadudu. Mdudu hafukuzwi kwa hoja, wala hahitaji kesi mahakamani.

Lubumbashi, Likasi, Kolwezi: nyumba zilichomwa, watu wakapigwa, wakaondolewa kazini. Maelfu kwa maelfu walikaa kwenye stesheni za treni kwa miezi, wakilala chini ya maturubai, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai ambako wengi wao hawakuwahi kuishi. Watoto na wazee walikufa stesheni na njiani kwa magonjwa. Waliofukuzwa kati ya 1992 na 1993 wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu. Gécamines haikupona. Ilipoteza mafundi wake, na njaa ikabaki na wenyeji.

Mambo hayo hayakubaki Katanga tu. Machi 1993 mauaji yalianza Walikale na Masisi, huko Kivu ya Kaskazini, nako kwa swali lile lile la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Na Januari ya mwaka huo askari waliolipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5, ambayo Tshisekedi alikuwa ameikataa na wafanyabiashara hawakuipokea, walifanya pilaji ya pili. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, alipigwa risasi akafa.

Uchungu usiosomwa

Konferensi ilifungwa tarehe 6 Desemba 1992. Ilikuwa imeunda kamisheni nyingi, kati yake moja ya mauaji na nyingine ya mali iliyopatikana kwa njia mbaya. Ripoti hizo mbili, ambazo wananchi walizingoja kuliko zote, hazikusomwa mbele ya wote. Ilisemekana zingeamsha hasira.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo tulipokosea kuliko mahali pengine. Hasira iliyokwisha kuonyeshwa kwamba inaweza kutembea na rozari mkononi haikuaminiwa kusikia ukweli. Uchungu usiosikilizwa mahali pa haki haupotei. Unamngoja mtu wa kuupa jina, na wa kwanza kufika mara nyingi ni yule mwenye neno kama bilulu mfukoni.

Beni, juma moja la Desemba

Msomaji anaweza kusema hayo ni ya zamani. Basi tutazame Beni, mwaka wa 2018. Tarehe 26 Desemba, siku 4 kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi upande wa magharibi, hazitapiga kura mpaka Machi 2019. Ebola na usalama ndizo zilizotajwa. Maana yake ilikuwa kwamba Raisi mpya angeapishwa bila kura zao. Mji uliokuwa umezika watu wake miaka 4 mfululizo kwa sababu ya mauaji uliambiwa sauti yake inaweza kungoja.

Kesho yake watu waliingia barabarani, na kituo cha Ebola kikashambuliwa. Ilikuwa ni Septemba 1991 tena: hasira ya haki ikaanguka juu ya kilichokuwa karibu, na aliyeumia ni mgonjwa.

Lakini tarehe 30 Desemba, siku nchi nyingine ilipokuwa inapiga kura, wakaaji wa Beni walitengeneza vituo vyao wenyewe. Walipanga mistari, wakanawa mikono kwa sababu ya Ebola, wakatia karatasi zao katika masanduku. Kura zile hazikuhesabiwa na tume yoyote. Walijua hivyo tangu asubuhi, na walipanga mstari vilevile.

Mji mmoja, juma moja, hasira moja. Ndiyo maana siwezi kumwambia mtu wa Beni, wa Goma, wa Bukavu au wa Lubumbashi kwamba atulie, aache uchungu wake nyumbani. Uchungu huo ndio unaomfanya ajue kwamba kuna haki imevunjwa. Ila tunaweza kujiuliza, ujumbe wa sauti unapoingia kwenye simu na damu ikachemka: unamtaja aliyefanya jambo, au unataja kabila zima? Unadai kitu kinachoweza kutolewa, au unadai mtu aondoke duniani? Ningeweza kuusema mchana, kwa jina langu, mbele ya jirani anayehusika?

Waliotembea tarehe 16 Februari 1992 wangejibu maswali hayo matatu bila kuangalia chini. Walioita wenzao bilulu wasingeweza kujibu hata la kwanza.